Walimu wa vyuo vya tiba na ile miezi mitatu ya sheria

(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa uwanjani mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu, Likasi. Tumeyaacha jinsi yalivyosemwa, tumepunguza tu yaliyorudiwa.)

Kwa kawaida mimi nasimama hapa kuzungumza juu ya mbegu, maji na vyoo. Leo komite imeniomba jambo lingine, na nilikubali haraka kuliko nilivyopaswa, kwa sababu jambo lenyewe linanigusa.

Ni jambo la walimu wanaofundisha kwenye vyuo vya tiba vya Leta: wale ambao majina yao hayako kwenye listi ya mishahara, na wale ambao cheo chao kimekataa kupanda. Tulipokuwa tunaandika upya orodha ya wanachama, pamoja na kazi ya kila mtu, tuliona kwamba watu wa namna hiyo wako kati yetu. Kuna mama anayefundisha ukunga, kuna papa wa labo, kuna kijana wa anestezi. Na kwenye daftari la michango ya kila mwezi, hao ndio wanaochelewa kuliko wauza mkaa. Tulikuwa tunawasema. Mtu mwenye diploma, mwenye kravati, anashindwa namna gani? Mkutano mmoja mama fulani alimwuliza mwalimu mbele ya wote: "Weye uko mwalimu ya banganga, sasa mushahara iko wapi?" Yule mwalimu alicheka. Mkutano uliofuata hakuja, na wa baada ya hapo pia.

Njo leo nataka tuambiane huo mushahara iko wapi.

Kwanza, vyuo vyenyewe. Kwetu Kongo manesi wanatoka kwenye njia mbili. Kuna shule za tiba za kiwango cha sekondari, ITM, ambazo ziko chini ya Wizara ya Afya na zinatoa manesi wa A2. Halafu kuna ISTM, vyuo vya juu vya ufundi wa tiba, vilivyo chini ya wizara ya elimu ya juu na ya vyuo vikuu, ile tunaita ESU. Huko ndiko wanatoka A1 na A0: wauguzi wakubwa, watu wa labo, wakunga wenye diploma, wasimamizi wa hospitali. Ninazungumza juu ya hivi vya pili, vile vya Leta, si vya watu binafsi. Na juu ya fakilte za tiba za vyuo vikuu vya Leta, mambo ni yaleyale.

Mwalimu anaingiaje? Chuo kinahitaji mtu. Komite ya uongozi inamchukua kama asistanti, inampa karatasi ya kumpokea, na kesho yake anaanza kufundisha. Kwa wanafunzi yeye ni mwalimu tangu siku hiyo. Kwa Leta bado si mtu. Dosie yake inapaswa kupanda Kinshasa, waziri asaini arete inayomtaja kwa jina, apewe matrikili, jina lipite kwenye Budget, halafu liingie kwenye listi ya malipo. Huko kuingia kwenye listi ndiko watu wanaita kumekanizwa. Tangu Leta ianze kulipa kupitia benki, kuanzia 2011, hakuna tena mtu wa kukuhurumia na bahasha siku ya mshahara: kama jina haliko kwenye listi, benki haikujui.

Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho miaka inapita. Wakati huo wote anaitwa NU, yaani yuniti mpya. Ninajua mtu ambaye alikuwa "mpya" mpaka mtoto aliyezaliwa mwaka alipoanza kazi akaingia shule ya msingi. Wengine wanapata matrikili, lakini mshahara haufuati. Wengine wanapata prime bila mshahara wa msingi. Wanaishi na nini? Na prime ya chuo, ile inayotoka kwenye pesa ya wanafunzi, mwezi iko, mwezi haiko. Wanafundisha vyuo vitatu, kimoja Likasi, kingine Lubumbashi, kilomita mia na zaidi kidogo, na usiku wanarudi kwenye lori. Na wanauza silabisi.

Hapo kwenye silabisi tusimame kidogo, kwa sababu kuna wanaojiuliza jambo hili linahusu nini chama cha watu waliorudi. Mwanafunzi asiyenunua silabisi anaogopa kukosa pwenti. Mwanafunzi anayenunua anajua kwamba mwalimu anamhitaji. Sisemi kwamba walimu wote wanauza pwenti, wengi wanakataa na wanalala na njaa. Lakini mkiweka mtu miaka mitano bila mshahara, halafu mkamkabidhi kijana ambaye kesho atapima dozi ya kwinini ya mtoto wako, mmeweka hatari mahali ambapo haionekani. Binti zetu wanasomea unesi kwenye vyuo hivyo. Na wagonjwa wa mwisho wa mstari ni sisi wa Kikula, wa Panda, wa Shituru, tusio na pesa ya kwenda kutibiwa Afrika ya Kusini.

Sasa cheo. Asistanti anapewa mandat ya miaka miwili, inafanywa upya. Akiandika makala za sayansi na akipewa maksi nzuri na wakubwa wake, anaweza kuwa CT, shefu wa travo. Akipata doktora anaingia kwenye ngazi ya maprofesa, na hao wanatajwa kwa ordonansi ya Rais. Sheria iliyotawala mambo haya kwa muda mrefu ni ordonansi nambari 81-160 ya tarehe 7 Oktoba 1981, ya mwaka ule UNAZA ilipovunjwa na Lubumbashi ikawa tena chuo kikuu chenyewe. Tangu tarehe 24 Desemba 2018 tuna sheria mpya, nambari 18/038, juu ya hali ya wafanyakazi wa elimu ya juu na utafiti. Kwenye karatasi, mwalimu ana haki. Haki hiyo inasimama kwenye saini, na saini iko Kinshasa.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Wengi wenu hamkujua. Kabla ya kuvaa hii gile ya shirika nilikuwa asistanti kwenye chuo kimoja cha tiba cha Leta, sitakitaja, hakina ubaya kuliko vingine. Nilifundisha afya ya jamii na hesabu za takwimu. Mwaka wa tano, dosie yangu na ya wenzangu ilipita kwenye baraza la chuo: wote tupande kuwa CT. Tulikunywa soda. Halafu arete ikatoka, ikabandikwa ukutani, na jina langu halimo. Wenzangu wamo, hata mmoja ambaye makala zake mimi ndiye nilizisahihisha.

Nikafanya nini? Nilifanya kile ambacho sisi wote tunafanya. Nilienda kumwona mkubwa. Mkubwa akaniambia: "Vumilia, ni kosa la mashini, utakuwa kwenye arete ya nyongeza." Nikaenda tena. Nikatafuta mjomba anayemjua mtu kwenye kabine. Nikatuma pesa kidogo ya "kusukuma dosie", nasema hivi nikiwa na haya. Miezi minane ilipita hivyo. Sikuandika barua hata moja, kwa sababu nilidhani kuandika ni kutangaza vita. Mwishowe nikaenda kwa avoka Lubumbashi. Alinisikiliza, akaniuliza neno moja: "Barua yako ya kulalamika iko wapi, na ilipokelewa tarehe gani?" Sikuwa nayo. Akafunga kalamu yake.

Hapa njo penyewe. Naomba hata wanaosinzia waamke.

Sheria ya mahakama za utawala, ile sheria organiki nambari 16/027 ya tarehe 15 Oktoba 2016, inasema huwezi kumshitaki mkubwa wa Leta juu ya uamuzi wake kama kwanza hujamwandikia yeye mwenyewe, kumwomba aufute au aurekebishe. Na unapaswa kumwandikia ndani ya miezi mitatu tangu uamuzi ulipotangazwa au ulipokufikia. Barua inakwenda kwa posta kwa njia ya rekomande, au unaipeleka kwa mkono na wanakupa risiti ya kupokea. Halafu unangoja. Akikujibu hapana, au asipojibu kabisa kwa miezi mitatu, kunyamaza kwake kunahesabiwa kuwa hapana. Kuanzia hapo una miezi mingine mitatu ya kwenda mbele ya jaji. Ukichelewa, jaji hafungui hata dosie. Hatasema kwamba hauna haki. Atasema umechelewa.

Mimi kwa miezi minane nilikuwa ninasalimia watu kwenye koridori.

Tena angalieni: neno la mkubwa, "vumilia", halisimamishi saa. Ahadi ya kabine haisimamishi saa. Mgomo hausimamishi saa. Saa inasimamishwa na karatasi yenye kashe ya kupokelewa. Na fotokopi ya barua, ile yenye kashe na tarehe, inabaki kwako na si kwa sekretere.

Jaji mwenyewe ni nani? Kwa uamuzi wa waziri, au wa chuo kilicho chini ya wizara ya Kinshasa, ni Conseil d'État, ambayo Katiba ya 2006 iliiweka na ambayo zamani kazi yake ilifanywa na Mahakama Kuu. Iko Kinshasa. Mtu wa Likasi anapaswa kushuka Lubumbashi, kupanda ndege au kutafuta avoka wa kule. Ile sheria ya 2016 ilileta pia njia ya haraka, referee, ya kuomba uamuzi usimamishwe wakati kesi inaendelea. Ni kitu kizuri, lakini bado ni Kinshasa.

Sitaki kuwadanganya. Jaji wa utawala anaweza kuufuta uamuzi mbaya. Hakai kwenye kiti cha waziri kuandika arete nyingine. Na hata ukiwa na arete, bado kuna Budget, bado kuna listi. Mtu anaweza kushinda kesi na kukaa mwaka bila mshahara. Kuna pia wanaosema kwamba wakishitaki watanyimwa masomo ya kufundisha, na hilo linatokea, nimeliona. Kwa hiyo ninapendelea waandike pamoja: majina kumi kwenye barua kumi za siku moja ni vigumu kuyaadhibu kuliko jina moja.

Wengine wataniambia, sindika zipo. Ni kweli, na zinafanya kazi. Maprofesa walipofunga vyuo mwanzoni mwa 2022, serikali ilikaa nao Bibwa na wakasainiana mapatano. Lakini mapatano kati ya serikali na sindika ni jambo la wote kwa jumla, na mara nyingi asistanti na CT wanakuwa mwisho wa meza. Kenya wana njia nyingine kidogo: mapatano ya sindika ya walimu wa vyuo vikuu na waajiri yanasajiliwa kwenye mahakama ya kazi, na yakishasajiliwa yanafunga pande zote. Hata hivyo mwaka 2017 waligoma. Sasa, karatasi haizuii kila kitu. Inakupa tu mahali pa kusimama.

Mfano ulionifundisha zaidi unatoka India. Huko walimu na wafanyakazi wa Leta wa kandarasi, hata wa vyuo vya tiba, wamejaza mahakama kwa miaka mingi. Tarehe 10 Aprili 2006 Mahakama Kuu ya India ilitoa hukumu kwenye kesi ya jimbo la Karnataka na mama mmoja anayeitwa Umadevi. Majaji watano. Walisema kwa ukali kwamba mtu hawezi kuingia kazi ya Leta kwa mlango wa nyuma halafu akaomba mahakama imhalalishe kwa sababu tu amekaa. Wengi walilia siku hiyo. Lakini majaji wakaacha dirisha moja: mtu mwenye sifa zinazotakiwa, aliyewekwa kwenye nafasi iliyokuwa imekubaliwa, ambaye kuajiriwa kwake kulikuwa na kasoro tu na si kinyume cha sheria kabisa, na aliyefanya kazi miaka kumi au zaidi bila kusaidiwa na amri ya mahakama, huyo serikali imwangalie mara moja hiyo na imhalalishe. Nani aliweza kupita kwenye dirisha hilo? Mwenye kuonyesha diploma, nafasi, na tarehe ya kuanza. Hukumu ya India haitufungi sisi hata kidogo. Lakini swali ambalo majaji wale waliuliza ndilo avoka wa Lubumbashi aliniuliza.

Na hapo ndipo ninaona kwamba sisi waliorudi tuna ugonjwa wetu wenyewe. Karatasi.

Wale waliofukuzwa hapa mwaka 1992 na 1993, walioishi kwenye stesheni ya treni wakingoja behewa la kwenda Kasai, walibeba nini? Watoto na sufuria. Diploma ilibaki nyumbani, na nyumba ikachukuliwa. Wale waliokimbilia Zambia, wakakaa Kala, Mwange au Meheba, na wakaanza kurudishwa 2007, wana karatasi, lakini jina limeandikwa kwa Kiingereza, na tarehe ya kuzaliwa ni tarehe 1 Januari, kwa sababu aliyeandika hakuwa na muda. Kwenye diploma jina linaandikwa hivi, kwenye kadi ya mpiga kura linaandikwa vile, kwenye karatasi ya kambi lina herufi moja ya ziada. Kwa muuza samaki hilo si kitu. Kwa mwalimu ambaye dosie yake inasomwa na karani wa Kinshasa asiyemjua, ni sababu nzuri sana ya kuiweka chini ya nyingine. Na aliyesomea Zambia anapaswa kuwa na ekivalansi ya diploma kutoka wizarani. Bila hiyo hata mwanzo hauko.

Yule mama wa ukunga amenipa ruhusa kusema hili bila jina. Amefundisha miaka tisa. Karatasi ya kumpokea kazini ilikuwa kwenye sanduku lililolowa mvua, wino umetoka. Chuo kinasema nakala yao imepotea wakati wa kuhama ofisi. Kila mtu anajua anafundisha, wanafunzi wake ndio walionipokelea mtoto wangu wa pili. Lakini hana kitu cha kuonyesha kwamba alianza mwaka ule. Sasa tunazunguka kutafuta ratiba za zamani za masomo, vitabu vya maksi vyenye saini yake, memo ya mwanafunzi ambamo ametajwa kuwa mwalimu msimamizi. Tumepata vitu vitatu. Kimoja kilikuwa kwa muuza karanga, alikuwa karibu kukifungia karanga.

Najua papa mmoja hapa mbele amekwisha kuniambia shauri lake, na ni mtu ninayemheshimu. Anasema mfuko huu tuliuanzisha kwa ajili ya kilio na ugonjwa. Tukianza kulipia kesi za watu wenye diploma, mama mjane atakosa sanduku la maiti. Papa, una haki kuogopa. Siombi mfuko wa kilio uguswe. Sidhani hata kwamba chama kinapaswa kulipa avoka wa Kinshasa, hatuwezi. Ninaomba kitu kidogo zaidi: pesa ya fotokopi, ya kuthibitisha nakala manispaa, ya rekomande, na kabati moja lenye kufuli kwa kutunza nakala za dosie za wanachama, si za walimu peke yao. Na ninaomba mwanachama asiyemekanizwa aruhusiwe kuchelewesha mchango wake bila kutajwa hadharani, kama tunavyomruhusu mkulima kabla ya mavuno.

Kwa ninyi wafadhili, nitasema wazi kwa sababu shirika langu pia linaishi na pesa ya wafadhili. Ukuta tunaupata. Vitanda vya hospitali tunavipata, na bango lenye majina yenu tunaliweka kwa furaha. Pesa ya tembre hatuipati, kwa sababu tembre haipigwi picha. Lakini vitanda hivyo atavisimamia nesi aliyefundishwa na mtu, na mtu huyo yuko kwenye lori la usiku kutoka Lubumbashi.

Mimi mwenyewe sikurudi kwenye ile kesi. Muda ulipita, nikapata kazi hii, nikaacha. Wenzangu wawili walioandika barua zao kwa wakati, mmoja alijibiwa na kurekebishiwa kabla hata ya kufika kwa jaji. Wa pili bado anangoja. Ninawaambia yote mawili ili asiwepo atakayesema kwamba nilimwahidi.

Kuanzia Jumamosi ijayo nitakuwa Kikula, nyuma ya kanisa, tangu saa mbili asubuhi. Mje na karatasi zote, hata zilizochanika, na mlete kalamu. Orijinali mrudi nazo nyumbani, sitazibakiza. Aliye na uamuzi uliotoka karibuni aje wa kwanza, asingoje Jumamosi, anipigie leo, tuhesabu siku zilizobaki. Kura juu ya kabati na rekomande itapigwa baada ya chakula.

Yule mwalimu wa kravati, nilimpigia simu jana usiku. Amesema atakuja.